"Mwenye Watoto Sipangishi"

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aliyehama kwao akapokewa ugenini.

Ndugu msomaji,

Liko neno moja ambalo siku hizi limekuwa jepesi mno katika ndimi za wenye nyumba. Utalisikia Lindi mjini, utalisikia Kilwa Masoko na Nangurukuru, na hata huku kwetu Likawage, ndani ya wilaya ya Kilwa, limekwisha kufika. Mgeni anakuja na mkewe na watoto wake, anabisha hodi, anauliza kama kuna vyumba. Mwenye nyumba anamtazama yeye, kisha anawatazama wale watoto, anawahesabu kama anavyohesabu mbuzi, halafu anasema: "Mwenye watoto sipangishi."

Neno ni fupi, na msemaji wake analiona ni neno la busara tu, la mtu anayelinda mali yake. Mimi nasema si busara. Nasema kwamba mtu mwenye vyumba vitupu, akajiwa na mgeni mwenye jamaa na kodi mkononi, akamrudisha kwa sababu ya watoto wake, amefanya dhulma. Naomba unisikilize mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Kwanza tuelewane, mgeni huyu ni nani? Mwanamume aliye peke yake akiingia mji mgeni hasumbuki sana. Atalala barazani kwa mtu, atalala dukani kwa rafiki, atapata jamvi msikitini, na usiku utapita. Mwenye mke na watoto hawezi hayo. Yeye anataka mlango unaofungika kwa ndani, anataka choo, anataka uani mahali mkewe atakapopikia na kuanika nguo bila ya kukodolewa macho na wapita njia. Tena Bwana Mtume (S.A.W.) ametuamuru watoto wafikapo miaka kumi tuwatenge katika malazi. Sasa niambie, mwenye chumba kimoja na watoto watano, wavulana na wasichana, atawatenga wapi? Ukimpa chumba kimoja hali una viwili vitupu, umemzuia kutekeleza amri ya dini.

Na nyumba si paa peke yake. Mtu asiye na mahali pa kukaa hana mwenyekiti wa kitongoji anayemjua, na asiyejulikana na mwenyekiti hapati barua ya utambulisho. Bila ya barua hiyo kila mlango mwingine unakuwa mgumu, kuanzia mwalimu mkuu wa shule mpaka mwajiri. Basi ukimnyima mtu chumba, umemnyima na yale yote yanayofuata nyuma ya chumba.

Pili, umfikirie mgeni anayetoka nchi nyingine. Raia mwenzetu kutoka Songea au Shinyanga akikosa pa kupanga, anaweza kuomba ardhi kwa serikali ya kijiji, akakata miti, akasimamisha nguzo, akafunga fito, akakandika udongo, akaezeka. Mtu asiye raia hana njia hiyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kwamba asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Fundi wa milango aliyevuka Ruvuma na mkewe si mwekezaji. Kwake yeye mlango uliobaki ni mmoja tu, nao ni mlango wa nyumba yako. Hakimu anayemlazimisha mwenye nyumba apangishe hayupo, na ile Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 imekwisha futwa tangu mwaka 2005. Serikali imekuachia wewe na dhamira yako. Ndiyo sababu nazungumza na dhamira yako.

Msimu uliopita wa ufuta alifika hapa Likawage fundi wa namna hiyo, yeye, mkewe na watoto wao watano, karatasi zao zote mkononi. Alibisha milango minne. Vyumba vilikuwapo, lakini wenyewe walikuwa wamevifunga wakiwangoja wanunuzi wa ufuta, ambao hukaa wiki chache, hulipa vizuri, na kuondoka. Wa kwanza alimwambia watoto watachora kuta. Wa pili alimtaka kodi ya miezi kumi na miwili papo kwa papo. Wa tatu alimwuliza dini yake kabla hajamwuliza jina. Wa nne alisema hapana, bila ya sababu. Watu wale wakalala katika kibanda cha shamba, msimu wa umande, mpaka bibi mmoja mjane, ambaye hana bati juu ya nyumba yake, akawapa vyumba viwili kwa kodi ya mwezi kwa mwezi. Leo milango yote ya bibi yule inafungika, na mtoto mkubwa wa fundi ndiye anayemchotea maji. Wale wanne bado wanalalamika kwamba hapa kijijini hakuna fundi.

Sasa tuzipime hoja zao moja moja, maana sitaki mtu aseme kwamba shehe amewasema watu bila ya kuwasikiliza.

Wanasema: "Watoto wanaharibu nyumba." Kweli, watoto huchora kuta. Lakini je, wewe ulizaliwa una ndevu? Na hao wanunuzi wa msimu, wanaovuta sigara kitandani na kuondoka alfajiri bila ya kuaga, hawaharibu? Ukuta wa udongo uliochorwa unakandikwa upya kwa nusu siku. Mwekeeni mpangaji sharti kwamba kinachoharibika atakitengeneza, naye alikubali. Hilo ni sharti la haki. Kumfukuza kabla mtoto wake hajagusa ukuta ni kumhukumu kwa kosa ambalo halijafanyika.

Wanasema: "Simjui, huenda hana kibali, nitaingia matatani." Hofu hii ina msingi, nami siwaambii watu wavunje sheria ya nchi. Lakini dawa ya kutomjua mtu ni kumjua. Mchukue mkono, nenda naye kwa mwenyekiti na kwa mtendaji wa kijiji, pasi yake na kibali chake cha kuishi vitazamwe, jina lake liandikwe. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Akiwa na karatasi zake, hoja yako imekwisha. Akiwa hana, wenye kazi hiyo watamwonyesha njia, na wewe utakuwa umefanya wajibu wako. Mambo ya mpaka ni ya serikali. Ya chumba ni ya kwako, na Siku ya Kiyama hutaulizwa habari za mpaka.

Wanasema: "Si wa dini yetu." Hapa ndipo ninaposhangaa zaidi, kwa sababu msemaji ni Mwislamu, na historia ya Uislamu anaisoma kila mwaka katika Maulidi. Hebu tuulizane: ni nani aliyewapa nyumba Waislamu wa kwanza walioihama nchi yao? Ni Najashi, mfalme wa Habasha, katika bara letu hili la Afrika, naye alikuwa Mkristo. Mnamo mwaka 615 walivuka bahari Waislamu waliokuwa wakiteswa Makka, wala hawakuvuka wanaume peke yao. Alikuwamo Sayyidna Uthman na mkewe Bibi Rukiya, binti wa Mtume. Akafuatia Jaafar bin Abi Talib na mkewe Asmaa binti Umays, na mtoto wao Abdullah akazaliwa huko huko Habasha. Jaafar alikaa ugenini mpaka mwaka 628. Laiti watu wa Habasha wangesema "mwenye watoto sipangishi", au wangeuliza dini kwanza, watu wale wangekwenda wapi? Sisi tuliofadhiliwa na Mkristo tukiwa wakimbizi, tunaona haya kumpangishia Mkristo aliyeleta fedha yake?

Wanasema mwisho: "Nyumba ni mali yangu, na kodi ya mwaka mzima si haramu." Hapa nataka niseme kwa insafu. Mafakihi wetu wa madhehebu ya Imam Shafi wanajuzisha kodi itangulie kulipwa ikiwa pande mbili zimeridhiana. Sitaharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu ili makala yangu ipendeze. Lakini si kila linalojuzu ni jema. Mtu aliyehama nchi amekwisha maliza akiba yake katika nauli, katika vibali, katika chakula cha njiani. Ukimdai miezi kumi na miwili, na dalali juu yake akadai kodi ya mwezi mzima kwa kumwonyesha mlango tu, mmempangia nini? Mmempangia deni. Ataanza maisha mapya akiwa mtumwa wa mkopeshaji. Na ridhaa ya mtu ambaye watoto wake wamelala nje ni ridhaa gani hiyo?

Tena wako wanaochukua hiyo kodi ya mwaka huku wamenyamazia paa linalovuja na choo kilichojaa. Hapo hatuzungumzi tena juu ya jambo lisilopendeza. Kumficha mwenzako kasoro ya kitu unachompa kwa malipo ni ghushi, na Bwana Mtume (S.A.W.) alijitenga na mwenye kughushi. Halina mjadala hilo.

Ukitaka kujua hijra inavyotakiwa kupokewa, tazama Madina mwaka 622. Bwana Mtume (S.A.W.) alipofika, alishukia kwa Abu Ayyub Al-Ansari, akakaa katika nyumba yake kiasi cha miezi saba, mwanzoni mwenyewe Abu Ayyub na mkewe wakiwa ghorofani. Wakati huo msikiti ulijengwa, na ubavuni mwake vikajengwa vyumba vya watu wa nyumbani kwake. Akawatuma Zaid bin Haritha na Abu Rafii warudi Makka wakamletee Bibi Sauda na mabinti zake, Bibi Fatuma na Bibi Ummu Kulthum. Zingatia hapo, ndugu yangu. Hakuwaacha Makka kwa miaka akisema nyumba haijapatikana, wala wenyeji wa Madina hawakumwambia aje peke yake. Mwenyeji alimpa mgeni paa la kungojea, mgeni akajenga la kudumu, familia ikakutana. Na Saad bin Rabii alimtolea Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea dua, akataka aonyeshwe njia ya sokoni tu. Mwenyeji hakubana, na mgeni hakutegemea. Mwenyezi Mungu akawasifu Ansari katika Suratul Hashri mpaka mwisho wa dunia. Wale wenyeji wa Likawage waliofunga vyumba vyao kungoja ufuta, watasifiwa wapi?

Labda utasema, hao walikuwa Masahaba, sisi ni watu wa kawaida. Vyema, tuwatazame watu wa kawaida wa pwani hii. Wazee wanasimulia kwamba Ali bin Hassan wa Shirazi alifika Kilwa na watu wake, akapata kisiwa kwa kutoa nguo. Mji uliokuja kuvuma katika bahari yote ukaanza kwa mgeni aliyepewa mahali. Ibn Battuta alipopita Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani Hassan bin Suleiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa utoaji wake, na habari aliyoona inafaa kuisimulia ni ya sultani huyo kumvulia nguo zake fakiri aliyemwomba njiani.

Hayo ni ya zamani sana? Basi njoo karibu. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, watu waliuvuka Ruvuma na watoto migongoni. Mkoa huu huu wa Lindi uliwapa makazi Rutamba, wakapata pa kujenga na pa kulima, na Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975 wengi wakarudi kwao. Hatukuwa matajiri wakati ule. Wengi wetu hatukuwa na bati hata moja. Na sisi wenyewe, katika Operesheni Vijiji ya 1973 mpaka 1976, ni wangapi tulioambiwa tuhame na vyungu vyetu, tukafika mahali pasipo na nyumba, tukalala chini ya miti mpaka jirani tusiyemjua alipotukaribisha? Mtu wa rika langu anayesema hajui maana ya kukosa nyumba na watoto, amesahau kwa makusudi.

Na sasa nikutoe Likawage, nikupeleke mbali, kwa sababu habari yenyewe ilianzia huku kwetu. Katika karne ya kumi na tisa, Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Wangindo, Wayao, Wamakua na wengineo walitolewa katika bara letu hili, wakapakiwa majahazini, na baadhi yao wakafikishwa Somalia, wakawa wakulima katika bonde la mto Juba pamoja na Wazigua waliotoka upande wa Tanga. Vita vilipolipuka Somalia mwaka 1991, wajukuu wao walikimbia. Baadhi ya Wazigua walirudi Tanga, na serikali yetu ikawapa ardhi Chogo, Handeni. Wengi zaidi walikuwa katika kambi za Kenya, na mwaka 1999 Marekani ikakubali kuwachukua kiasi cha watu 12,000, wakaanza kusafirishwa kwa wingi mwaka 2003.

Baadhi yao waliishia katika mji uitwao Lewiston, jimbo la Maine, penye theluji. Mji ule ulikuwa wa viwanda vya nguo. Viwanda vilikufa, nyumba zikabaki tupu. Wasomali wengine walikuwa wamekwisha anza kuhamia huko tangu 2001, kwa sababu mji jirani wa Portland ulikuwa umeishiwa na nyumba za kupanga. Mwezi wa Oktoba 2002 meya wa Lewiston aliandika barua ya wazi akiwataka wapunguze kuja, maana mji umeelemewa. Watu wenye chuki wakaona wamepata nafasi, wakaitisha mkutano wa kuwapinga wageni mwezi wa Januari 2003. Walihudhuria makumi tu. Siku hiyo hiyo, upande mwingine wa mji, wenyeji kwa maelfu walikusanyika kusema kwamba familia zile zikae. Wengi wao hawakuwa Waislamu. Nyumba zile tupu zikaingia watoto, na maduka yakafunguliwa upya.

Ndugu msomaji, kati ya waliopanga vyumba kule wamo watu wenye asili ya Kingindo. Ni damu ya bara hili la Kilwa, iliyotoka kwa minyororo. Wamarekani wa Lewiston waliwapokea wajukuu wa jirani zetu, na sisi tunamrudisha mlangoni fundi aliyevuka mto mmoja tu?

Na hata leo watoto wako wako ugenini. Yuko aliyekwenda Muscat, yuko aliyekwenda Johannesburg, yuko aliyekwenda London. Kule Uingereza, mwenye nyumba anatakiwa na sheria, tangu mwaka 2016, kukagua karatasi za mpangaji kabla ya kumpangishia, na anayetaka kumleta mkewe kutoka nje lazima aonyeshe kwamba ana nyumba ya kuwatosha bila ya msongamano. Kwa hiyo mwanao akikosa chumba kinachofaa, mkwe wako na wajukuu wako wanabaki huku nawe, mwaka baada ya mwaka. Unapomwombea mwanao usiku apate mwenye nyumba mwema, kumbuka asubuhi ulimwambia nini mgeni aliyekuja kwako.

Basi tufanye nini? Kwanza, mwenye vyumba visivyokaliwa asimkatae mtu kwa sababu ya watoto, wala kabila, wala dini. Atazame karatasi na tabia. Pili, apokee kodi ya mwezi mmoja mpaka mitatu, na mapatano yaandikwe mbele ya mwenyekiti. Tatu, katika nyumba zetu hizi za ukumbi katikati na vyumba kila upande, mwenye jamaa apewe vyumba viwili vinavyofuatana, vya upande wa uani, apate stara. Nne, kila kamati ya msikiti iwe na mtu mmoja anayejua vyumba vilivyo wazi, amwonyeshe mgeni bila ya kudai udalali. Hilo halihitaji mfadhili kutoka nje.

Na wewe mgeni, una wajibu wako. Lipa kwa wakati. Usiingize ndugu kumi kimya kimya katika vyumba ulivyopanga kwa watu saba. Rekebisha kilichoharibika kabla hujaambiwa. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na maana yake si kumfukuza. Maana yake ni kumfanya mwenyeji. Lakini jembe halishikwi na mtu ambaye hajui watoto wake watalala wapi.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ametutaka tumfanyie wema jirani wa karibu, jirani wa mbali, na aliye safarini. Mgeni mwenye familia ni wote watatu kwa pamoja: leo yu safarini, kesho ni jirani wa mbali, na mwaka ujao mwanawe na mwanao watasoma chuo kimoja. Anayeamua afike huko au asifike ni wewe mwenye ufunguo. Mfungulie.

Wabillahi tawfiq.